Mkulima mgeni na mzoefu: Kila mmoja apewe darasa lake

MSARAGAMBO unapoitishwa katika vijiji vya Upare, hakuna anayeulizwa amelima kwa miaka mingapi. Mgeni na mwenyeji hushika majembe pamoja, mfereji ukazibuliwa na maji yakashuka kutoka mlimani. Vikundi vingi vya wakulima hufundishana kwa mtindo huo huo: mkutano mmoja, bwana shamba mmoja, somo moja.

Lakini kazi ya mfereji ni tofauti na darasa. Katika tambarare ya Maore na Ndungu, wilayani Same, mkulima wa mpunga mwenye misimu 15 ana maswali yake. Auze wakati wa mavuno bei ikiwa chini, au ahifadhi ghalani? Auze kwa gunia la lumbesa au kwa kilo? Kijana aliyekodi jaruba kwa mara ya kwanza anataka kujua miche ing'olewe kitaluni ikiwa na siku ngapi.

Wakikaa pamoja, mzoefu ndiye huzungumza. Kijana huona aibu kuuliza jambo ambalo wengine wote wanaonekana kulijua. Hurudi nyumbani na swali lake, akapandikiza miche iliyozeeka katika jaruba lisilosawazishwa. Msimu ukiharibika, kodi ya jaruba na fedha za mkopo huondoka nao.

Hasara ipo upande wa pili pia. Mkutano ukirudia kila mara somo la kitalu, wazoefu huchoka na kuacha kuja. Wakiondoka, kikundi hubaki bila walimu.

Mfano wa Ilonga

Njia ya kutenganisha mafunzo bila kuwatenga watu imewahi kujaribiwa hapa nchini. Katika skimu ya umwagiliaji ya Ilonga, wilayani Kilosa, wakulima wachache waliochaguliwa walipewa kwanza mafunzo ya kina ya kilimo cha mpunga, kisha wakatakiwa kuwafundisha wenzao.

Watafiti waliofuatilia kaya za huko kwa miaka 5 walichapisha matokeo yao mwaka 2018. Mavuno ya wakulima waliofundishwa kwanza yalipanda kutoka tani 3.1 hadi 5.3 kwa hekta, yaani kutoka takriban kilo 1,250 hadi 2,150 kwa ekari. Wakulima wa kawaida nao walipanda kutoka tani 2.6 hadi 3.7 kwa hekta, sawa na kilo 1,050 hadi 1,500 kwa ekari.

Takwimu hizo zina mafunzo mawili. Kwanza, elimu ilivuka kutoka kwa mkulima hadi kwa mkulima. Pili, haikuvuka yote wala haikuvuka upesi. Wakulima wa kawaida walichelewa kunufaika. Kikundi kinachogawa madarasa bila kuweka daraja kati yake kitabaki na wajuzi wachache waliozungukwa na wasiojua.

Namna ya kugawa

Kikundi hakihitaji fedha nyingi kufanya hivyo. Siku ya mkutano, saa ya kwanza iwe ya wageni peke yao pamoja na bwana shamba na wazoefu wawili wa zamu. Hapo yafundishwe mambo ya msingi: kuchagua mbegu kwa maji ya chumvi, kuandaa kitalu, kusawazisha jaruba, kupandikiza kwa mstari na kupalilia kwa wakati. Swali lolote liruhusiwe, na anayecheka aonywe.

Saa ya pili iwe ya wazoefu: mbolea ya kukuzia, gharama kwa ekari, ghala na bei. Mgeni anayetaka kusikiliza asizuiwe.

Muhimu zaidi ni shamba la mfano. Hilo libaki moja, na kila mzoefu akabidhiwe wageni wachache wa kufanya nao kazi tangu kitaluni hadi mavuno. Atakayevuna vizuri misimu miwili aingie zamu ya kufundisha.

Kwa njia hiyo maneno yatagawanyika, lakini jembe litabaki la pamoja, kama ilivyo kwenye msaragambo.