Mama analia kiisha kuzaa: ni wakati gani familia ipaswe kuhangaika?

Siku ya tatu ao ya ine kiisha kuzaa, wamama wengi wanalia. Maziwa yanashuka, usingizi hakuna, wageni wanaingia na kutoka, na machozi yanakuja bila sababu. Mama mukwe anashangaa: mutoto ni muzima, analia nini tena? Kilio cha siku hizo ni cha kawaida. Kinatoka kwa uchovu na kwa mabadiliko makubwa ya mwili, na mara nyingi kinaisha chenyewe mbele ya juma mbili. Chakula, usingizi kidogo, mutu wa kumupokea mutoto, basi.

Kinachopaswa kuhesabiwa ni siku. Kama juma mbili zimepita na huzuni haipunguki, hiyo si tena uchovu wa kuzaa. Mama hana hamu ya kula, halali hata wakati mutoto amelala, anajiona hafai kitu, ananyonyesha sawa vile anatimiza kazi ya mutu mwingine. Wengine hawalii kabisa: wanakuwa wakali, ao wanalalamika kichwa na mugongo kila siku, wanameza dawa ya malaria na hakuna kinachobadilika. Ugonjwa huo unaitwa depresioni. Unaweza kuanza hata mimba ingali tumboni.

Shirika la afya duniani, OMS, linasema kwamba katika inchi maskini karibu wanawake 16 kwa 100 wenye mimba wanapata shida za akili, sana sana depresioni. Kiisha kuzaa wanafika karibu 20 kwa 100. Ni kusema, siku ya CPN, kama wamama 20 wameketi ku mabenchi, watatu hivi wanaweza kuwa nayo. Na huku mashariki, kuna mama anayebeba mimba akikimbia vita, kuna anayezalia kambini bila kujua bwana yuko wapi, kuna mwenye mimba iliyotoka kwa ubakaji. Hakuna haja ya kutafuta mulozi nyumbani. Kumutafuta kunamuongezea mugonjwa adui, tena mara nyingi ndani ya familia yake mwenyewe.

Musaada wa kwanza si kidonge. Huko Pakistani, watumishi wa afya wa vijijini, wasiokuwa waganga, walifundishwa kutembelea wamama wenye depresioni tangu mwezi wa mwisho wa mimba, kuwasikiliza na kutafuta pamoja nao njia ndogo ndogo za kutoka. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008: mutoto akiwa na miezi 6, wamama 23 kwa 100 walikuwa wangali na ugonjwa. Kwa wale waliotembelewa na watumishi wasiofundishwa hivyo, walikuwa 53 kwa 100. Huku kwetu, RECO na APS wanaingia tayari ndani ya nyumba za watu. Kazi hiyo haiko mbali nao.

Bwana naye ana kazi. Kumubeba mutoto usiku, kuchota maji, kuuliza kwa upole: unalala? Kuna wakati unaona heri ufe? Watu wanaogopa swali hilo, lakini kuliuliza hakumupe mutu wazo la kujiua. Kunamupa fasi ya kusema. Akijibu ndiyo, asibaki peke yake, apelekwe ku kituo cha afya siku ileile. Ikihitajika dawa, kuna zile ambazo mama anaweza kumeza akinyonyesha. Muganga ndiye anachagua.

Hali moja haingoje hata juma mbili. Mama mumoja ao wawili kwa 1000 wanaozaa wanachanganyikiwa gafula, mara nyingi katika siku za kwanza: halali usiku mingi, anasikia sauti, anasema mutoto si wake ao ni shetani. Asiachwe peke yake na mutoto, na asifungwe kamba katika chumba cha maombi. Maombi yanaweza kumufuata hospitalini. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu. Kwa walio mbali, muuguzi mukubwa wa kituo, ule wanaita IT, ndiye wa kuonyesha njia. Wengi wanapona. Mimba nyingine ikija, waseme mapema ku CPN, sababu ugonjwa huo unaweza kurudia.

Siku ya kupima watoto, mutoto anawekwa ku kilo, anaandikwa, anashuka. Mama hapimwe. Kama hakuna anayemuuliza amelala namna gani, anaweza kusema yeye wa kwanza, ao dada aliyemusindikiza aseme kwa niaba yake.