Vipele vya Msimu na Siku ya Kupasuliwa

Mwanachama mwenzetu mmoja wa Pemba, mtu wa makamo asifiwaye kwa wepesi wake mtini, alipewa siku ya kupasuliwa ngiri. Alikwisha tengeneza kila kitu: kijana wa kumwanikia karafuu, nauli, na shuka mbili safi. Alipofika hospitali daktari alimtazama kinenani, akaona mabaka yaliyochubuka kwa kukunwa, akamwambia arudi nyumbani. Alikuja kwetu amekasirika. "Nimekwenda kwa ngiri," alisema, "sikwenda kwa mwasho."

Tumeonelea tuliandike jambo hili kwa kuwa hayuko peke yake, na kwa kuwa, kwa maoni yetu, daktari alikuwa na haki.

Ngozi nzima ni ukuta. Pale ilipochubuka hukaa vijidudu vingi, khasa vile viitwavyo stafilokoka, na kisu kikipita hapo huvitia ndani. Tena siku hizi aghalabu ngiri hutiwa wavu mdogo wa kuishikilia. Wavu huo ukiingia usaha ni taabu kubwa, na mara nyingine hubidi utolewe. Kungoja wiki chache ni nafuu. Lakini ngiri iliyobana, ikawa ngumu na kuuma, hairudi ndani, na mtu anatapika, hiyo haingoji vipele kupona. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

Sasa mbona vipele hivi hurudi kila msimu? Sisi wa mikarafuu tunayo sababu yetu wenyewe. Mafuta ya karafuu, baina ya asilimia 70 na 90 yake, ni kitu kiitwacho eujenoli. Hicho huwasha ngozi, na miili ya watu wengine huikataa kabisa: mtu huchambua makonyo jioni moja, na baada ya siku moja au mbili vidole na mikono imefura. Akiacha hupona, akirudia humrudia. Hatusemi haya kwa kuitia ila karafuu iliyotusomeshea watoto, ila ajuaye hali yake na amweleze daktari.

Vya mwenzetu havikuwa hivyo. Kilikuwa choa, nacho hupenda mahali penye jasho. Kila msimu alinunua dukani malhamu ya tyubu, akapaka siku 3, mwasho ukatulia, akaacha. Kumbe malhamu ile ina steroidi. Hiyo hutuliza mwasho, na huku choa chaenea chini kwa chini, hata sura yake hubadilika na daktari huweza kukikosa. Hili ndilo kosa tunaloliona sana katika nyumba zetu. Basi tyubu uliyokuwa ukipaka uichukue uende nayo, usione haya.

Safari hii alipewa klotrimazoli, akaambiwa asiache mwasho ukomapo, bali aendelee wiki 2 baada ya ngozi kuonekana safi. Akawa akijikausha vizuri baada ya kuoga, na nguo ya ndani akibadili kila siku. Kama ungalikuwa upele wa kuambukizana, ingalipasa nyumba nzima itibiwe siku moja, hata wasiojikuna.

Wengi wetu pia hunyoa kwa wembe usiku wa kuamkia kupasuliwa, tukidhani ndiyo usafi. Shirika la Afya Duniani, katika maongozi yake ya mwaka 2016, lilikataza wembe, kwa kuwa huacha vijeraha. Kuoga kwa sabuni, hata ya kawaida, kwatosha. Nywele zikihitaji kupunguzwa, hospitali wana mashine yao. Na mtu asipake mafuta ya karafuu hapo akidhani yatamsafisha.

Twaomba pia, vipele vikizuka kabla ya siku yako, uwaarifu hospitali mapema, usingoje kufika. Huenda wakakutibu ukawahi siku ile ile, au nafasi yako akapewa mgonjwa mwingine. Uwaambie vile vile kama plasta, glavu za mpira au dawa fulani ilipata kukutoa vipele.

Mwenzetu alikwisha pasuliwa, na kidonda kimefunga vizuri. Kwa sasa amekatazwa kupanda, basi huketi chini ya mkarafuu akiwaamrisha vijana, nao wanasema ni afadhali angekuwa juu.