2,147,483,647: namba tasa inayobana saa za kompyuta

Desemba 2014, YouTube ilitangaza kwamba video ya "Gangnam Style" ya PSY, msanii wa Korea Kusini, imetazamwa mara nyingi mno kwa kihesabio chake. Kihesabio hicho kilikuwa kinaishia 2,147,483,647. Ikabidi kipanuliwe.

Kikomo hicho kinatokana na jinsi kompyuta inavyoandika namba, kwa 0 na 1. Ikitengewa nafasi 32, moja hubeba alama ya chanya au hasi, zinabaki 31. Chukua 2 thelathini na moja, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1: jibu ni namba hiyo.

Wanahisabati walikuwa wameijua zamani sana. Ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne alidai hivyo mwaka 1644, ila hakutoa uthibitisho. Uthibitisho ulikuja mwaka 1772 katika barua ya Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg, Urusi. Wakati huo macho yake yalikuwa karibu yamepofuka kabisa.

Alifanyaje? Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na ushei. Chini ya hapo kuna namba tasa karibu 4,800, na kuzijaribu zote kwa mkono ni mateso. Euler alionyesha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Hapo kundi zima la kuchunguzwa linapungua hadi mia tatu na kitu, na nyingi kati ya hizo zinaanguka zenyewe kwa kuwa si tasa: 63 ni 7 mara 9, 249 ni 3 mara 83. Ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311. Inaingia mara 6,905,092, na inabaki 35. Haifai. Inayofuata ni 1,303, nayo haifai, na hivyo hivyo hadi mwisho. Hakuna hata moja inayogawanya bila baki. Huu ni ufundi wa hali ya juu: sehemu kubwa ya kazi ilikwisha kabla hesabu ya kugawanya haijaanza.

Kwa miongo kadhaa baada ya hapo hakuna aliyejua namba tasa kubwa kuliko hiyo. Namba tasa iliyoshika rekodi ya ukubwa ilipotangazwa Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320.

Kwa mtu wa kawaida, namba ya Euler itajitokeza tena kwenye saa. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970, na za zamani huziandika katika nafasi zile zile 32. Sekunde ya 2,147,483,647 itafika Jumanne, 19 Januari 2038. Dar es Salaam na Nairobi itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi, Muscat saa 1 na dakika 14, London saa 9 na dakika 14 usiku. Sekunde moja baadaye, hesabu itarukia upande wa hasi, na mtambo usiorekebishwa utajiona uko 13 Desemba 1901.

Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, ilipanua nafasi ya muda kwa mashine za biti 32 (yaani za nafasi 32) kuanzia toleo la 5.6, mwaka 2020. Wanaosimamia mitambo ya zamani viwandani, hospitalini na kwenye mabenki waikague mapema. Tarehe inajulikana hadi sekunde yake.