Barua za kukariri hazikupeleki Ujerumani

"Mwalimu, unazo zile barua za B1?" Naulizwa hivyo kila darasa jipya linapoanza, na siku hizi naulizwa hata kabla mtu hajalipa ada. Muulizaji ni muuguzi, fundi, au kijana anayetafuta nafasi ya mafunzo ya kazi Ujerumani. Si mvivu hata kidogo. Ameambiwa na waliomtangulia kwamba kuandika Kijerumani ni kukariri barua kadhaa, ukifika chumba cha mtihani unachagua inayofanana na swali na kuimwaga. Barua hizo zinazunguka WhatsApp, nyingine zinauzwa, na Dar es Salaam wameshazipa jina: madesa.

Jamani, tulimalize hili leo.

Mtihani wa kuandika Kijerumani ngazi ya B1 wa Taasisi ya Goethe una dakika 60 na kazi tatu: barua pepe kwa rafiki, maneno kama 80; maoni yako juu ya jambo linalojadiliwa, tena maneno kama 80; na barua pepe rasmi, maneno kama 40. Msahihishaji hupima mambo manne: kama umetimiza ulichoagizwa, mtiririko, msamiati na sarufi. Wauza madesa huwa hawakwambii kwamba ukipata sifuri kwenye lile la kwanza, kazi yote ni sifuri. Kijerumani chako kinaweza kuwa safi kabisa, na bado usiambulie kitu.

Chukua mfano. Swali linasema hukuweza kwenda kwenye sherehe ya rafiki yako: eleza sababu, uliza sherehe ilikuwaje, pendekeza siku ya kuonana. Mwenye desa anayo barua ya sherehe, ila ni ya mtu aliyehudhuria. Anaona neno sherehe kwenye karatasi, moyo unatulia, anaanza kumwaga: asante kwa mwaliko, chakula kilikuwa kitamu, muziki ulinikosha. Sherehe imefana, lakini mwenyewe hakuwepo! Dakika zikikaribia kwisha anagundua hajapendekeza siku, anachomeka sentensi ya kichwani mwake: "Nächste Woche ich habe Zeit." Alitaka kusema wiki ijayo ana nafasi, ila kitenzi kimekaa pasipo pake, habe ilipaswa kutangulia ich. Sasa msahihishaji anaona watu wawili kwenye karatasi moja. Wa juu anapanga sentensi ndefu zenye obwohl (ingawa) bila kuteleza. Wa chini hajui kwamba kitenzi hukaa nafasi ya pili, jambo linalofundishwa mwanzo kabisa wa kozi. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Najua mtanijibu kwamba fulani alikariri na akafaulu. Sawa. Ama alijua kuandika tangu mwanzo, ama swali lilimwangukia kwenye barua aliyokuwa nayo. Mwulizeni ngazi inayofuata, B2, ilikuwaje, kwa maana muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe Ujerumani kwa kawaida hudaiwa B2. Huko ni dakika 75, maoni ya maneno kama 150 na ujumbe wa maneno kama 100, na desa la B1 halina msaada wowote.

Tuseme hata huko umepenya. Wodini hakuna anayekuagiza barua ya sherehe. Kuna kumbukumbu za mgonjwa: bibi wa chumba namba nne amekataa dawa saa mbili asubuhi, anasema ana kichefuchefu, daktari ameelezwa saa mbili na robo. Ni maneno machache, na hayamo kwenye faili la mtu yeyote, kwa sababu yametokea asubuhi hiyohiyo mbele ya macho yako. Na uzito wake ni wa kisheria. Sheria ya kiraia ya Ujerumani, kifungu cha 630h, inachukulia kwamba hatua muhimu ya matibabu isiyoandikwa kwenye kumbukumbu haikufanyika, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Asiyeweza kuandika alichokiona kwa macho yake hajajua kuandika, hata akiwa na cheti mkononi.

Na wale wa programu za kutafsiri: simu haiingii chumba cha mtihani.

Sasa la kufanya. Andika kila siku, maneno 80 yanatosha, juu ya jambo lililokutokea kweli: umechelewa kazini, umeme umekatika, mpangaji mwenzako hafagii uwanja. Tafuta wa kukusahihisha. Awe mwalimu, au hata mwenzako aliyekupita ngazi moja. Kisha andika upya maandishi yaleyale yaliyosahihishwa, yote, kwa mkono. Wengi huruka hapa, na hapa ndipo mtu anapojifunza. Makosa yako yawe na daftari lake, na kila wiki pambana na kosa moja tu: wiki hii kitenzi nafasi ya pili, wiki ijayo kitenzi mwishoni baada ya weil (kwa sababu). Mara moja kwa wiki jitegee saa kama kwenye mtihani. Kama lazima ukariri, kariri vile visivyobadilika: salamu ya Sehr geehrte, koma, na mstari unaofuata huanza kwa herufi ndogo isipokuwa neno lenyewe linadai kubwa, Mit freundlichen Grüßen ya kufungia haifuatwi na koma, na uliyeanza naye kwa Sie ya heshima usimgeuzie du ya kirafiki katikati ya barua. Kabla ya kukabidhi karatasi, rudi kwenye swali uhakikishe kila kipengele kimejibiwa.

Ukianguka, usifadhaike: B1 na B2 zina sehemu nne, kila moja inadai alama 60 kati ya 100, na unaweza kurudia sehemu ya kuandika peke yake. Ila usiende kuirudia kwa madesa yaleyale. Aliyekuuzia hatakurudishia ada ya mtihani.