SPRINGI ZA MAJANI: PIMA KWANZA NDIPO UBADILISHE

Kaa nusu saa tu kwenye gereji yoyote ya chini ya mwembe, iwe Mwanga, Ujiji au Mwandiga, utasikia hili swali: "Fundi, springi ya Cruiser inaingia kwenye 109?" Na jibu la haraka huwa, "Inaingia, tutailazimisha." Leo tuongelee hiyo "tutailazimisha", maana ndiyo inayowalaza watu porini, na kwenye mteremko wa kutoka Kalinzi kushuka Mwandiga inaweza kufanya makubwa zaidi ya kukulaza.

Kwanza tujue gari zenyewe. Land Rover zote za Series, kuanzia 1948 mpaka 1985, zina springi za majani mbele na nyuma. Ile One Ten ya 1983, ambayo mwaka 1990 ikapewa jina la Defender, ni ya koili, kwa hiyo hapa haituhusu. Upande wa Toyota kuna Cruiser za 40, za 60, na zile 70 za kazi zilizotoka 1984, hizi tunazoziita mkonga. Mwaka 1999 zile 70 za kazi zikawekewa koili mbele. Nyuma majani yakabaki, lakini yakarefushwa. Sasa mtu ana HZJ75 ya zamani, anauziwa springi za nyuma za HZJ79 kwa sababu "zote si mkonga?" Haziingii bila kukata na kuchomelea chasisi. Hapo pesa imekwenda.

(Kwa wapenda historia: gari iliyomleta Jane Goodall toka Nairobi mpaka Kigoma, Julai 1960, ilikuwa Land Rover iliyojazwa kupita kiasi. Mwaka ule hakukuwa na Land Rover isiyo ya majani. Kwa hiyo kujaza mizigo kwenye springi hizi ni mchezo wa zamani hapa kwetu, teh teh.)

Sasa twende kwenye vipimo. Upana: Land Rover Series ni inchi 2.5, yaani kama milimita 63 na nusu. Cruiser nyingi za majani ni 70, Hilux nyuma ni 60. Ukiweka jani la 70 kwenye kiti cha 63 linabanwa ubavuni. Ukiweka la 60 linacheza, na springi inayocheza inakata senta bolti. Pima pia urefu toka jicho hadi jicho, tundu la bushi, na kitu ambacho wengi wanakiruka: umbali wa senta bolti toka kila jicho. Springi nyingi senta bolti haiko katikati kabisa. Ukiifunga kinyume, ekseli nzima inasogea mbele au nyuma, na propela shafti inabaki fupi au inabana.

Unene ndio wenye siri kubwa. Ugumu wa jani haupandi sawasawa na unene, unapanda kwa unene mara unene mara unene. Jani la milimita 8 si gumu kidogo kuliko la 6, ni gumu zaidi ya mara mbili. La milimita 12, lile la kutoka kwenye lori, ni gumu mara nane! Urefu nao hivyo hivyo ila kinyume: jani likipungua urefu kwa asilimia 10, ugumu unapanda zaidi ya theluthi. Ndiyo maana ukichomeka jani moja la lori katikati ya majani membamba ya Land Rover, lile moja linabeba mzigo mkubwa kuliko mwenzake yeyote. Barabara yenye mawimbi kama bati ikilipiga, linapasuka, na mzigo wote unawarudia wale wembamba kwa mkupuo.

Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo Dar hawana sana. Burundi na Kongo wanaendesha kulia, usukani uko kushoto, na vipuri vya gari zao vinavuka mpaka kuja huku. Springi za Series hazifanani kushoto na kulia: upande wa dereva umepinda zaidi. Ukinunua seti iliyotoka kwenye gari ya usukani wa kushoto ukaifunga kama ilivyotoka, gari yako italala upande wa dereva hata ikiwa tupu. Muulize muuzaji usukani ulikuwa wapi. Au ziweke zote mbili chini sakafuni, uone ipi imeinuka zaidi.

Haya, tuje kwenye kuongeza jani. Madumu 40 ya mawese ya lita 20 ni lita 800, uzito kama kilo 720, bado abiria na dagaa wao. Gari ikilala nyuma, mwenye gari anasema ongeza majani mawili. Gari inasimama wima, inapendeza, naye anaona imepata uwezo mpya. Jamani, breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, chasisi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba huoni tena kwamba umezidisha.

Kwenye Cruiser na Hilux nyingi kuna balaa la kimya kimya. Nyuma, kati ya chasisi na ekseli, kuna kijiti kilichounganishwa na valvu ya breki. Gari ikilala kwa mzigo, kijiti kinaiambia valvu iruhusu breki zaidi kwa magurudumu ya nyuma. Ukiinua gari kwa majani ya ziada, valvu inadhani gari ni tupu, inapunguza breki ya nyuma huku umebeba tani! Ukibadili springi, mwambie fundi airekebishe hiyo valvu. Akikuuliza "valvu gani?", tafuta fundi mwingine. Angalia na mpira wa breki: gurudumu likining'inia, mpira usivutike.

Jani lililokatika halichomelewi. Chuma chake kimepikwa na kupozwa kwa kipimo, moto wa kuchomelea unaharibu ule upishi, na litakatika tena pembeni ya weldingi. Hata kulikunja upya kwa moto wa mkaa ni kubahatisha, bora kugongwa likiwa la baridi. Lililokwisha mpe mhunzi akufulie panga, linatoa panga kali sana. Na kama unabeba chumvi ya Uvinza, osha majani kwa maji baridi kila baada ya safari, maana kutu inayokaa kati ya jani na jani inayagandisha.

Siku ya kubadili, badili pande zote mbili za ekseli. Jeki peke yake haitoshi, egemeza chasisi kwenye stendi au magogo mazito. Tumia yubolti mpya. Bolti za macho na za sheko zifunge nusu tu, shusha gari chini kwanza, ndipo ukaze za mwisho, la sivyo bushi za mpira zinajisokota na kufa mapema. Yubolti zikaze tena baada ya safari ya kwanza, maana majani mapya yanakaa na nati zinalegea. Mtu akitoka Ujiji kwenda Kasulu, akifika tu atoe spana kabla hajashusha mzigo.