Taka Hutengwa Jikoni, Si Jaani

Kitisuru ni mtaa wa nyua pana na miti mirefu, upande wa Westlands, Nairobi, jirani na Gigiri yaliko makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Mgeni atokaye Mombasa au Lamu akipita huko husema moyoni kuwa watu hawa hawana taka. Wanazo, tena nyingi, ila husombwa kwa gari. Na sehemu kubwa ya taka za jiji huishia Dandora, jaa lililofunguliwa katika miaka ya 1970, likatangazwa mwaka 2001 kuwa limejaa, na bado likaendelea kumwagiwa. Huko wako kinamama wanaochakura makopo na chupa wapate riziki.

Sheria ya taka ya mwaka 2022 yamtaka kila mwenye nyumba nchini Kenya atenge taka zinazooza na zisizooza. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni za kuoza: maganda, mabaki ya chakula, majani. Zikitengwa huwa mboji. Zikichanganywa hulowesha karatasi na kuchafua plastiki, ikawa hasara mara mbili.

Lakini sheria haiingii jikoni. Aingiaye ni mama, na katika nyumba nyingi za mitaa kama hii, ashikaye maganda ni msichana wa kazi. Naona uongozi uanzie hapo: bibi na msichana wake wapatane pipa lipi ni la nini, kisha kinamama wa mtaa wakutane, kama wakutanavyo kwa harusi na vyama vyao, waseme na mwenye gari kwa sauti moja. Maana nimepata kuona kwa macho yangu gari likiyamwaga mapipa mawili mahali pamoja, kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Mmoja akilalamika hupuuzwa. Mtaa mzima ukizuia malipo, utasikilizwa.

Wanawake wa kuwafuata wapo. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyetunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 2004, alikwenda Japani mwaka uliofuata akalipenda neno lao "mottainai", la kusikitikia kitu kupotea bure, akalieneza duniani. Naye Bi. Nzambi Matee wa Nairobi alituzwa na shirika lile la Gigiri mwaka 2020, kwa kuchanganya plastiki iliyotupwa na mchanga akafanya matofali ya kutandaza njiani.

Sisi wa Pwani neno letu tunalo: israfu. Bibi zetu waliiogopa. Kifuu kilikuwa upawa, makumbi yakawa kamba, machicha wakapewa kuku. Hawakungoja sheria wala gari.

Basi wewe bibi usomaye haya, nawe bwana uliye kando yake, hebu niambieni: pipa la pili liko wapi jikoni kwenu?