Nani kasema baiskeli ni ya walalahoi?

Msomaji wangu, ukitaka kupima heshima yako hapa Dar es Salaam, usihangaike kushona suti. Nenda na baiskeli kwenye kikao cha harusi, iegemeze ukutani katikati ya Prado na Harrier, halafu tega sikio.

“Vipi kaka, gari liko gereji?” Hilo ndilo swali la kwanza. La pili linasemwa chini chini, kwamba huenda kazini mambo si shwari. Mwenyekiti wa kamati naye akifika kwenye jina lako anakupangia mchango wa huruma. Hapo mimi sibishi, maana michango ya siku hizi ni balaa!

Mwaka wa nane huu nanyonga baiskeli kutoka Kinondoni hadi Kariakoo. Si mtu wa mashindano mimi, wala zile kaptura za kubana sina. Navaa suruali ya kazini, shati lililopigwa pasi na viatu vilivyopakwa rangi. Mguu wa kulia nabana suruali kwa kibanio ili cheni isiilambe, basi. Naondoka asubuhi kabla jua halijakasirika, nanyonga taratibu, nafika nikiwa mkavu. Anayeloa jasho ni yule anayekimbizana na daladala.

Na ukishakuwa mtu wa baiskeli, macho yako yanabadilika. Wenzako wakigeuka kutazama magari mapya, wewe unageuka kutazama baiskeli. Na za kutazama zipo, bwana!

Mcheki yule fundi wa kunoa visu anayepita mitaani. Akifika mlangoni kwako anaisimamisha baiskeli kwenye stendi, anakaa palepale kwenye kiti na kuanza kunyonga. Baiskeli haiendi popote, lakini jiwe la kunolea linazunguka na cheche zinaruka. Ni usafiri wake na kiwanda chake kwa wakati mmoja. Mcheki na muuza samaki wa Feri na tenga lake kwenye keria, anavyopenya foleni huku wenye viyoyozi wamekaa wanapiga honi.

Au nenda Shinyanga. Kule baiskeli za kubeba abiria watu wanaziita daladala. Phoenix ya Mchina imevishwa mpaka inameremeta: keria ina kiti cha sponji, bomba limezungushiwa plastiki za rangi, usukani una maua, na madigadi ya nyuma yana maneno ya kukupa moyo au kukuchoma. Ukimwambia mwenyewe kwamba hicho ni chombo cha maskini, atakushangaa. Yeye anakitunza kuliko wewe unavyotunza hilo gari lako la mkopo.

Kwa taarifa yako, hata neno bodaboda lilizaliwa na baiskeli. Ni kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, vijana walipokuwa wakivusha watu na mizigo kutoka boda moja hadi boda nyingine. Pikipiki zimekuja kurithi jina tu.

Goma nako, mashariki ya Kongo, wana chukudu, baiskeli ya mti isiyo na pedeli wala cheni. Inasukumwa kwa mguu, mlimani inashushwa ikiwa imebeba magunia ya viazi na mkaa. Wenyewe hawaionei haya. Wameijengea sanamu katikati ya mji!

Unguja ndiko wanakonifurahisha zaidi. Huku bara msichana akipanda baiskeli atasemwa mpaka mama yake aitwe. Unguja utamkuta mwalimu wa kike kavaa baibui, pindo kalikusanya vizuri lisiingie kwenye njiti, kikapu cha mbele kimejaa madaftari, anapita zake barabarani na hakuna anayegeuza shingo. Anapendeza, anaheshimika, na shuleni anawahi.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 2018 nilibahatika kwenda Copenhagen, Denmark, kwa semina ya wiki mbili. Asubuhi ya kwanza nilisimama pembeni ya barabara nikaduwaa. Akina mama wamevaa makoti marefu na viatu vya visigino, wazee wamefunga tai, vijana wamelamba pamba, wote juu ya baiskeli! Hakuna aliyevaa kama anakwenda kwenye mashindano. Wamevaa vile walivyotaka kuonekana kazini.

Kuna barabara moja inaitwa Nørrebrogade. Taa zake zimepangwa hivi: ukinyonga kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa kuelekea mjini asubuhi, kila taa unaikuta ya kijani. Yaani serikali imekaa chini, ikapiga hesabu za mtu wa baiskeli, ikampisha. Nilinyonga nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota hela.

Na vyombo vyao sasa! Niliona baiskeli yenye magurudumu matatu na sanduku kubwa mbele, ndani watoto wawili na mfuko wa mboga. Nikasema kwa sauti, “Guta hili!” Wao wanaiita Christiania, jina la mtaa ilikotoka mwaka 1984. Guta letu la Kariakoo linabeba saruji, lao linabeba watoto wa chekechea. Frederik, ambaye ni mfalme wa nchi ile tangu Januari 2024, alishapigwa picha akiwa bado mwana wa mfalme, akiwapeleka wanawe kwenye “guta” kama hilo. Ukiambiwa bei yake utatafuta kiti.

Niliona pia Pedersen, baiskeli iliyobuniwa na Mdenmark mmoja aliyekuwa akiishi Uingereza miaka ya 1890. Kiti chake ni kama machela, kimening'inizwa kwa kamba, na bomba zake nyembamba zimepangwa pembetatu pembetatu kama daraja. Nilimwona mzee kaikalia kwa raha zake, nikamfuata kwa macho mpaka kona. Na kuna Brompton ya London, inayokunjwa ikawa kama begi. Aliyeibuni, Andrew Ritchie, aliipa jina la kanisa alilokuwa akiliona kutoka dirishani kwake.

Tena, tangu mwaka 2007 hapohapo Copenhagen ilianzishwa kampuni ya kukarabati baiskeli kuukuu na kuzileta Afrika. Jina walilochagua? Baisikeli! Kiswahili chetu kimeandikwa juu ya mlango wa Wazungu, sisi tunaona haya kukitamka kwenye kikao cha harusi.

Najua utaniambia, “Hao ni Wazungu, wamezaliwa nayo.” Hapana, msomaji wangu. Hebu tuangalie Uholanzi, nchi ambayo leo ina baiskeli nyingi kuliko watu. Mark Rutte alikuwa waziri mkuu pale kuanzia 2010 hadi 2024, na alizoeleka kuonekana akienda ofisini kwa baiskeli. Chini ya stesheni ya Utrecht kuna maegesho ya baiskeli 12,500, yaliyokamilika mwaka 2019. Lakini haikuwa hivi siku zote.

Baada ya vita vya pili vya dunia nao walipagawa na magari. Walibomoa majumba ili kupanua barabara, na baiskeli ikaanza kuonekana kitu cha kizamani. Mwaka 1971 peke yake barabara za nchi ile ziliua watu wapatao 3,300. Zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Ndipo wazazi wakaingia barabarani, wakaanzisha harakati ambazo jina lake kwa Kiswahili ni “Acheni Mauaji ya Watoto”. Wakalala na baiskeli zao katikati ya lami, wakaziba mitaa watoto wapate kucheza. Mwaka 1973 mafuta nayo yakaadimika. Serikali ikasikia. Kwa hiyo hizo njia nzuri wanazoringia leo zilidaiwa na akina baba na akina mama waliochoka kuzika.

Rudi nami Dar sasa. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, pembeni ya Barabara ya Morogoro na Barabara ya Kawawa yaliwekewa pia njia za watembea kwa miguu na baiskeli. Siku ya kwanza kuipita nilijiona kama nimepewa cheo. Leo naikuta imejaa pikipiki zinazokwepa foleni, meza za mitumba, na gari la mheshimiwa fulani limepandishwa juu kana kwamba ni uani kwake. Nikifika Magomeni nashuka, nasukuma. Nikipanda tena nakuwa kwenye lami pamoja na malori. Hapo ndipo kengele yangu inakuwa kama filimbi mbele ya treni.

Nayasema haya kwa sababu binti yangu ametimiza miaka 12. Anajua kunyonga kuliko mimi, na ameshachagua baiskeli anayoitaka: ya kike, ya mtumba kutoka Japani, ya kijani, yenye kikapu mbele na dinamo. Shuleni kwao si mbali, ni mwendo wa robo saa. Watakaosema msichana hapandi baiskeli nitapambana nao mwenyewe, nina uzoefu wa miaka minane. Lakini kwa lori sina maneno. Kila Jumamosi ananiuliza, nami namjibu, “Subiri kwanza, mwanangu.”

Kwa hiyo wewe mwenye bodaboda na wewe mwenye Prado, mnaonisoma hapa, nawaomba kitu kimoja tu. Ile njia nyembamba pembeni ya barabara, iacheni wazi. Si ya walalahoi. Kuna mtoto anaisubiri.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.